Kibonye Kilichoshuku Jambo Jingine

Mwanafunzi anayejifunza kuandika programu huchoka mapema kupeleka mkono kwenye vibonye vya mishale, akajitengenezea njia ya mkato. Katika Emacs, kihariri matini ambacho toleo lake la GNU lilitolewa na Richard Stallman mwaka 1985, huamuru kwamba Alt pamoja na n kishushe kishale mstari mmoja. Mambo huenda vizuri. Kisha siku moja kishale hushuka na mistari yote kinayoipita ikageuka rangi: matini imeteuliwa, ilhali hakuna aliyeomba iteuliwe. Na ikiwa amewasha ule mtindo ambao herufi ya kwanza kupigwa hufuta matini yote iliyoteuliwa, kazi ya saa nzima hutoweka mara moja. (Ctrl pamoja na / huirudisha, lakini mwenye hofu hakumbuki hilo.)

Hapo lawama huanza. Kompyuta ina virusi. Kibodi ni mbovu. Programu ifutwe na kuwekwa upya. Mwalimu naye, mwenye kompyuta chache zinazotumiwa na wengi, hupiga marufuku njia zote za mkato. Uamuzi huo ni wa haraka mno, na humnyima mwanafunzi somo zuri la uchunguzi lililokwisha kuwekwa mezani pake.

Kibodi haina kosa. Kibonye kikibonyezwa pamoja na Shift, na mchanganyiko huo usiwe na amri yake wenyewe, Emacs huiondoa Shift na kutafuta amri ya kile kilichobaki. Tangu toleo la 23 la mwaka 2009, ikiwa amri hiyo ni ya kusogeza kishale, Shift iliyoondolewa huhesabiwa kuwa ni ombi la kuteua matini. Basi yatosha kidole kichelewe kutoka kwenye Shift baada ya kuandika herufi kubwa.

Haya hayahitaji kukisiwa, kwani programu yenyewe huulizwa ikajibu. Hubonyezwa Ctrl na h, kisha k, kisha vibonye vinavyoshukiwa, pamoja na Shift yake. Jibu hutaja amri iliyoitwa na kueleza kwamba vibonye vilitafsiriwa kutoka vingine. Ctrl na h, kisha l, huonyesha vibonye vilivyopigwa karibuni. Emacs ikianzishwa kwa -Q, huja bila mipangilio ya mtumiaji. Hitilafu ikitoweka, itafutwe katika faili lake mwenyewe.

Dawa ni ndogo: Alt, Shift na n vipewe amri yao wenyewe, ile ile ya kushuka. Hapo hakuna kutafsiri, wala kuteua. Kuzima uteuzi wote wa Shift kwawezekana pia, lakini wanaoteua kwa Shift na mishale kwenye kompyuta hiyo hiyo watalalamika, na watakuwa na haki. Mwalimu angefanya vyema zaidi kukataa kupokea malalamiko yoyote ya kibodi mbovu mpaka mwanafunzi alete, kwa mwandiko wake, jibu alilopewa na programu.