Pawa saplai: rahisi ni ghali

Wadau, mtu akijiundia kompyuta, pesa zote huishia kwenye prosesa na kadi ya grafiki. Pawa saplai huokotwa mwisho, ya bei ya chini, imeandikwa wati 600. Mimi nilifanya hivyo. Siku moja stima ikapotea hapa Loresho; iliporudi, pawa saplai ililipuka ikaenda na mazabodi. Bahati diski ilipona, na kodi zangu za miezi.

Siku hizi sidanganywi na namba kubwa. Soma kibandiko, tafuta ampea za volti 12, maana ndizo prosesa na kadi hutegemea. Ampea 25 mara 12 ni wati 300 tu! Hizo 600 ziko wapi? Afadhali 450 za kweli. Nunua pawa saplai kwanza, kadi itangoja.