Anayengoja Kisu Mpeni Maji na Habari

Mgonjwa hakisikii kisu cha daktari, maana kikimfikia tayari amelala au ametiwa ganzi. Kinachomtesa ni kungoja. Amevaa gauni la hospitali lililo wazi mgongoni, koo limemkauka, na hajui ataitwa saa ngapi. Hapo ndipo anapomhitaji muuguzi, na mara nyingi hapo ndipo anapoachwa peke yake.

Mwaka jana tulimpeleka mama mkwe wangu kutolewa mawe kwenye nyongo. Ni Mmaasai wa Bissil, Kajiado, na Kiswahili chake ni cha kuuzia mbuzi tu. Alitia dole gumba kwenye fomu ya idhini bila mtu kumweleza inasema nini, ilhali Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inataka mgonjwa aelezwe, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa. Akaambiwa asile wala asinywe chochote kuanzia usiku wa manane. Asubuhi ikaingia dharura ya mama mjamzito. Huyo ana haki ya kutangulia, sina ugomvi naye. Lakini hakuna aliyetuambia. Mpaka saa nane mchana mama mkwe hajaonja tone la maji, na jua la Kajiado mnalijua. Nikiuliza, jibu ni lile lile: "Ngojeni, mtaitwa."

Zamu ilipobadilika alikuja muuguzi kijana, akaketi kitandani, akamwamkia kwa Kimaasai. Alimweleza kwamba thieta wanatumia kifaa cha umeme kuzuia damu, na chuma kikibaki mwilini kinaweza kumuunguza ngozi. Kisha akaanza kumvua hereni na bangili, moja moja. Iliyokataa kutoka aliipaka maji ya sabuni. Walihesabu pamoja kwa sauti, zikatiwa kwenye mfuko ulioandikwa jina lake, nikakabidhiwa mimi. Halafu akampigia simu mtaalamu wa nusukaputi, na akarudi na maji nusu glasi.

Maji hayo hayakuwa upendeleo. Kwa mgonjwa wa kawaida, miongozo ya nusukaputi inataka chakula chepesi kiachwe saa 6 kabla, na maji matupu saa 2 tu kabla. Wako wasioruhusiwa kwa sababu ya maradhi yao, ndiyo maana mtaalamu huulizwa kwanza. Amri ya usiku wa manane inampunguzia kazi anayepanga orodha ya upasuaji, na mzigo wake anaubeba mgonjwa.

Najua nitajibiwa kwamba wauguzi ni wachache. Ni kweli. Ukilaza mtu huku kwetu Kitengela utamwona muuguzi mmoja akikimbizana na wodi nzima, na huruma yake huisha kabla ya zamu. Semina za kuwafundisha kutabasamu hazitasaidia kitu (nani hutabasamu akiwa na dripu tano za kubadilisha?). Kaunti iajiri, na katika kila zamu ya wodi ya upasuaji awepo angalau mmoja anayejua Kimaasai.

Ila habari ya orodha kubadilika haingoji bajeti. Anayeipanga upya apige simu wodini papo hapo. Muuguzi wa zamu aulize nani anaweza kunywa maji na hadi saa ngapi, aandike kwenye faili, kisha aende kitandani amwambie mgonjwa mwenyewe, na jamaa zake walioketi nje kwenye benchi.