Pumzi ya Mlinzi wa Mapinga

Mwezi uliopita nilikwenda na wanafunzi wangu wanne katika nyumba moja ya wageni huko Mapinga, kando ya barabara iendayo Bagamoyo, tukiwa na kompyuta mpakato mbili za mtumba. Tulitaka kufanya jambo ambalo hatukuruhusiwa kulifanya maabara: kupima awamu ya mawimbi ya Wi-Fi kwa kutumia kadi zilizomo ndani ya kompyuta zenyewe. Usiku wa pili, saa nane, mwanafunzi aliyeketi kati ya kompyuta hizo ili tupime pumzi zake aliinuka akatoka nje kujinyoosha. Mstari kwenye kioo ulipaswa kutulia. Haukutulia. Uliendelea kupanda na kushuka mara 14 kwa dakika, taratibu kuliko pumzi za kijana yule. Upande wa pili wa ukuta wa tofali za saruji, mlinzi wa nyumba alikuwa amejilaza kwenye mkeka.

Asubuhi tulimweleza na kumwomba radhi. Hakuuliza habari za mawimbi. Aliuliza: "Mwalimu, kwa hiyo mwenye nyumba naye anaweza kujua kwamba nililala?"

Jibu ni ndiyo, na ndiyo maana ninaandika.

Kwanza nieleze awamu ni nini, maana wanafunzi wetu wengi huikariri hadi siku ya mtihani na kuiacha mlangoni. Mtu wa pwani anaijua bila kuambiwa. Ukisimama ufukweni Bagamoyo na maji yakakufika magotini, kina hicho peke yake hakikuambii kama maji yanajaa au yanakupwa. Nahodha anahitaji kujua maji yamefika wapi katika mzunguko wake. Hiyo ndiyo awamu. Wimbi la redio nalo lina nguvu, ambayo simu yako huionyesha kwa vile vistari, na lina awamu, ambayo simu haikuonyeshi kamwe. Lakini kadi ya Wi-Fi huipima kila inapopokea pakiti, kwa kuwa bila kuikadiria haiwezi kufasiri data iliyotumwa.

Sasa tupige hesabu. Wi-Fi ya gigahezi 5 ina urefu wa wimbi wa takriban sentimita 6. Kifua cha mtu anayepumua kwa utulivu kikisogea milimita 5, njia ya wimbi linalogonga kifua na kurudi hubadilika kwa karibu sentimita 1, yaani sehemu moja ya sita ya wimbi. Awamu ya mwangwi huo huzunguka nyuzi 60. Badiliko kubwa kiasi hicho halihitaji mtambo wa kijeshi ili kuonekana.

Ugumu uko kwingine. Kadi inayotuma na kadi inayopokea zina saa mbili zisizopatana, hivyo awamu ghafi huruka ovyo kutoka pakiti hadi pakiti. Usiku wa kwanza tuliona vurugu tupu, na mwanafunzi mmoja aliapa kwamba kadi imekufa. Dawa yake ni ya kivuvi kabisa. Chomeka vijiti viwili ufukweni, umpe mtu mmoja mwenye saa mbovu avisome vyote kwa pamoja: nyakati atakazotaja zitakuwa za uongo, lakini tofauti kati ya kijiti na kijiti itakuwa kweli. Antena za kadi moja hutumia saa moja. Tukatoa awamu ya antena moja kutoka kwa nyenzake, kosa la saa likafutika, na pumzi ikabaki.

Kadi tuliyotumia ni Intel 5300, iliyokuwa ikifungwa katika kompyuta za miaka ya 2008. Mwaka 2011 Daniel Halperin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington walitoa kwa umma zana ya kusoma vipimo hivyo, kwa programu ya ndani ya kadi iliyorekebishwa. Kadi nyingi zilizokuja baadaye hupima vilevile, ila watengenezaji wamefunga mlango: kipimo kinafanyika ndani ya kifaa ulichokinunua wewe, nawe huruhusiwi kukiona. Mwaka 2013 Fadel Adib na Dina Katabi wa MIT walionyesha kwamba mawimbi ya Wi-Fi yanaweza kufuatilia watu nyuma ya ukuta. Mwaka 2025 IEEE ilikamilisha kiwango cha 802.11bf, ambacho kazi yake ni kuifanya Wi-Fi kuwa kihisio cha watu na vitu. Jambo hili limekwisha kutoka kwenye tasnifu na kuingia kiwandani.

Na sisi tuko wapi? Niliandika barua kuomba kadi mbili kuukuu zitumike katika maabara ya taasisi moja ya umma, ambayo sitaitaja. Nilijibiwa baada ya miezi mitano kwamba vifaa "vilivyobadilishwa programu" ni hatari kwa usalama wa mtandao. Jengo lilelile lina vifaa vya Wi-Fi darini, vilivyonunuliwa kwa zabuni, ambavyo hakuna mtumishi hata mmoja anayejua vinapima nini wala vinapeleka vipimo wapi. Mwanafunzi anayetaka kuona ndiye tishio. Kisanduku kisichofunguliwa ndicho salama!

Katika Bagamoyo ya karne ya 19 pembe za ndovu ziliuzwa kwa frasila, kama ratili 35 hivi, na mizani ilikuwa ya mfanyabiashara wa pwani, si ya mpagazi aliyezibeba kutoka Tabora. Mpagazi alijua uzito kwa bega lake. Bega halikukubaliwa kuwa ushahidi.

Wenzangu wanasheria huniambia nisiwe na hofu: tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na tunayo Tume. Nazipokea zote mbili kwa heshima. Lakini sheria hiyo imejengwa juu ya taarifa za mtu anayeweza kutambulika, na muuzaji wa kifaa atakuja na jibu jepesi: hatukuchukua jina, picha wala alama ya kidole, tumechukua awamu tu. Hapo ndipo ninapopinga. Nyumba ile ina mlinzi mmoja wa usiku. Pumzi iliyolala saa nane mahali pale ina jina, hata kama haikuandikwa. Na Ibara ya 16 ya Katiba inalinda maskani ya mtu, bila kusema kwamba mvunjaji lazima aingie kwa mlango. Tume inaweza kutoa tamko kwamba vipimo vya mwili wa binadamu vinavyotokana na mawimbi ya redio ni taarifa binafsi. Haihitaji kusubiri Bunge wala kesi ya kwanza.

Wanaharakati nao wana deni. Tumepiga kelele kuhusu kamera, tukapiga kelele kuhusu usajili wa laini kwa alama za vidole, na tulikuwa na haki. Kamera angalau unaiona nguzoni. Kuhusu kisanduku cheupe kilichoko kwenye dari ya hoteli, shule na zahanati kutoka Tegeta hadi Kaole, sijasikia hata semina moja.

Nitajibiwa kwamba kuwafundisha vijana kupima pumzi nyuma ya kuta ni kufundisha upelelezi. Hoja hii ina uzito, na nilihisi uzito wake nilipokuwa nimesimama mbele ya mlinzi yule. Ndiyo maana tulifuta faili la usiku ule mbele yake. Lakini siku Tume itakapohitaji mtaalamu wa kuingia hotelini na kuthibitisha kama mtambo unahesabu pumzi za wageni, atatoka wapi? Tutamwagiza kutoka kwa yuleyule aliyetuuzia mtambo?

Zabuni za umma ziandike sharti kwamba mnunuzi aweze kusoma kila kipimo ambacho kifaa kinachukua. Ni sentensi moja. Mtumishi wa manunuzi anayesoma hapa anaweza kuiingiza katika rasimu yake kesho asubuhi. Nami nimeandika tena barua ya kuomba zile kadi mbili, safari hii nikaambatanisha grafu ya usiku wa kwanza, ile ya vurugu tupu. Ya usiku wa pili hatunayo tena.