Mtupa Jongoo na Mti Wake: Funzo la Bamburi kwa Nakuru

Wahenga walinena kwamba mtupa jongoo hutupa na mti wake. Darasani methali hii huifasiri kuwa wito wa kulikatia jambo baya shina na mizizi. Ni nadra kwetu kuuliza jongoo mwenyewe ana hatia gani. Makala haya yanashikilia kwamba jongoo huyo ana funzo kwa Nakuru, na kwamba wanafunzi wa Kiswahili tuna dhima katika kulifikisha.

Itakumbukwa kwamba kiwanda cha saruji cha Bamburi, Mombasa, kilianza uzalishaji mwaka wa 1954. Uchimbaji wa mawe ya matumbawe uliacha mashimo mapana, jangwa jeupe lisilo na udongo. Mnamo 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alianza kazi ya kulirejeshea uhai. Aina 26 za miti zilijaribiwa. Tatu pekee ndizo zilizostahimili, mvinje ukiwa mojawapo. Hata hivyo, majani ya mvinje yalidondoka na kurundikana bila kuoza. Hapo ndipo jongoo alipoingia. Majongoo wenye miguu myekundu waliletwa, wakayala majani yale, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo. Juu ya udongo huo ilimea miti mingine, wakaja ndege, kisha wakaletwa wanyama. Umma ulifunguliwa mlango mwaka wa 1984, na leo mahali hapo panaitwa Haller Park. Ndipo alipolelewa Owen, mtoto wa kiboko aliyetenganishwa na wenzake wakati wa tsunami ya Desemba 2004, akamfanya kobe mkongwe aitwaye Mzee kuwa mwandani wake.

Anayezuru bustani hiyo huona twiga wakitembea mahali palipokuwa pakilipuliwa mawe. Lililo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, liko chini ya nyayo zake: udongo uliotengenezwa na mdudu tunayemtupa pamoja na mti wake.

Tuitazame sasa Nakuru, iliyopandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021. Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru, iliyotangazwa mwaka wa 1968, imepakana na mitaa ya watu, na vifaru wanalindwa kwa ua unaoizunguka. Lakini ua hauzuii maji. Mto Njoro na mitaro ya mji huteremsha ziwani kila tunachokitupa. Tena, maji ya ziwa yalipopanda katika mwongo wa 2010, chumvi ilipungua, na heroe wengi wakahamia Bogoria na kwingineko. Ni dhahiri kuwa hatima ya hifadhi huamuliwa pia nje ya ua wake: katika jaa la Gioto kwenye miteremko ya Menengai, katika machimbo ya mawe yaliyozagaa kaunti nzima, na huko Kariandusi, ambako udongo mweupe wa diatomaiti umechimbwa jirani na mahali yalipofukuliwa mashoka ya mawe ya watu wa kale.

Wapo watakaosema kwamba Haller Park ni pambo tu, na kwamba kampuni hupanda miti huku ikichimba kwingine. Hoja hii ina uzito. Bustani moja haifuti athari za kiwanda, na hisani ya mwenye mali yaweza kukoma wakati wowote. Ndiyo maana urejeshaji wa ardhi haufai kuachiwa hisani. Sheria ya Madini ya 2016 humtaka mchimbaji airejeshe ardhi na aweke dhamana ya kifedha kwa ajili hiyo. Kinachohitajika ni wananchi wanaojua kwamba wana haki ya kuidai.

Watajuaje? Ripoti za tathmini ya athari za mazingira, ambazo wananchi huombwa kuzitolea maoni, kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza. Mama anayeuza mboga Rhonda, au kijana anayeponda kokoto, atapingaje asichoweza kukisoma? Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, lakini urasmi huo haujafika kwenye ukingo wa shimo. Nasi tumeridhika kuhakiki taswira za mito na misitu katika riwaya, ilhali mito na misitu yenyewe inajadiliwa kwa lugha isiyo yetu.

Napendekeza basi chama chetu kianze na kazi moja inayopimika: kila mwaka tuchague ripoti moja inayohusu machimbo au jaa katika Bonde la Ufa, tuifasiri kwa Kiswahili sanifu chepesi, na tuisome hadharani mbele ya wakazi kabla muda wa kutoa maoni haujapita. Wahadhiri wetu waikubali kazi hiyo kama zoezi halali la kozi ya tafsiri. Istilahi tutakazozikosa tutazitafuta kwa wakulima, wavuvi na wachimbaji, ambao aghalabu wanazo tayari.