Kuhamia Dodoma: Gharama Kubwa Si Gari la Mizigo, ni Kodi ya Miezi Sita

Mavuno yakishaingia ghalani, familia nyingi za Kongwa, Mpwapwa, Bahi, Chamwino na Kondoa huwa na safari moja ya kupanga: kuna mtu anahamia Dodoma mjini. Anaweza kuwa kijana aliyepata kibarua kwenye ujenzi, binti anayeanza chuo, mtumishi aliyehamishwa mwaka mpya wa fedha ulipoanza Julai, au mama anayekwenda kufungua biashara ya chakula. Swali lao ni moja: tutahama vipi bila kumaliza akiba yote ya nyumbani?

Wengi wanaanza kutafuta nafuu kwenye gari. Wanapiga simu kwa wenye kirikuu, wanapatana, wanashusha elfu kumi. Si vibaya. Lakini ukiweka hesabu yote mezani utaona kuwa gari ni sehemu ndogo. Pesa kubwa inaondoka siku ya kukabidhiwa funguo, na inaondoka yote kwa mpigo.

Kwa nini vyumba vimekuwa ghali kuvipata

Dodoma ni makao makuu tangu mwaka 1973, ila kwa miaka mingi ilibaki mji wa kawaida. Mambo yalibadilika Julai 2016, Rais John Magufuli alipotangaza kuwa Serikali inahamia rasmi. Wizara zikaanza kuhama, Mji wa Serikali ukajengwa Mtumba, na Aprili 2018 manispaa ikapandishwa hadhi kuwa jiji. Mwaka 2024 treni ya umeme ya SGR ikaanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma.

Watu wamefuata. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu takriban watu 411,000 katika iliyokuwa manispaa ya Dodoma. Sensa ya 2022 ikahesabu zaidi ya 765,000. Ndani ya miaka kumi idadi imekaribia kuwa mara mbili. Kila aliyeongezeka anahitaji pa kulala, na anayetoka kijijini na shilingi laki tatu anatafuta upande uleule wa mji anaoutafuta mtumishi mwenye mshahara wa kila mwezi.

Chumba kikigombewa, mwenye chumba ndiye anayetaja masharti. Ndiyo maana utasikia, "Kodi ni miezi sita, dalali mwezi mmoja, kama huna yupo mwingine anakuja jioni."

Miezi sita si sheria

Hapa ni vizuri tuelewane. Tanzania Bara iliwahi kuwa na sheria maalumu ya kudhibiti kodi za nyumba. Ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo kodi ni makubaliano kati ya mwenye nyumba na mpangaji. Hakuna sheria inayokulazimisha kulipa miezi sita, wala hakuna inayomkataza mwenye nyumba kuiomba. Ni mazoea, na mazoea yanazungumzika.

Tuwe wa haki pia kwa mwenye nyumba. Wengi wao hawakujenga kwa mkopo wa benki. Wamejenga tofali kwa tofali kwa miaka, na kodi ya miezi sita ndiyo inayonunua bati za chumba kinachofuata au kulipa ada ya mtoto. Isitoshe, anaogopa mpangaji atakayelipa mwezi mmoja kisha akae mitatu bure. Ukijua anachokiogopa, utajua namna ya kuongea naye.

Hesabu ya magunia

Tuchukue mfano. Chumba ni shilingi 50,000 kwa mwezi. Kodi ya miezi sita ni 300,000. Dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja, 50,000. Gari la mizigo tuseme 80,000. Kitasa kipya, balbu na vitu vidogo 20,000. Jumla 450,000. Kati ya hizo, gari halifiki hata sehemu moja ya tano.

Sasa pesa hiyo inatoka wapi? Kwa familia nyingi inatoka ghalani. Tuseme umeuza mahindi mara tu baada ya kuvuna, wakati soko la Kibaigwa limejaa na gunia la kilo 100 linakwenda 50,000. Unahitaji kuuza magunia tisa ili mtu mmoja ahame.

Lau mwenye nyumba angekubali miezi mitatu, ungehitaji 300,000 tu, yaani magunia sita. Magunia matatu yanabaki ghalani. Miezi mitatu baadaye, bei ikiwa imepanda hadi 70,000, magunia hayo yanaleta 210,000. Unalipa kodi ya miezi mitatu inayofuata, 150,000, na unabaki na 60,000 mkononi.

Bei ninazotaja ni za mfano, na kuna mwaka bei haipandi. Lakini funzo linabaki. Kodi ya mkupuo ina gharama ambayo haiandikwi kwenye risiti: inakulazimisha kuuza mazao wakati ambao kila mtu anauza. Katika mfano wetu gharama hiyo ni zaidi ya kodi ya mwezi mzima. Anayekopa kwa riba ili kulipa miezi sita anaumia zaidi ya hapo.

Kwa hiyo kama una nguvu ya kupatana mahali pamoja tu, ipeleke kwenye idadi ya miezi. Kumshusha mwenye gari elfu kumi ni jambo jema, lakini kumshusha mwenye nyumba kutoka miezi sita hadi mitatu ndiko kunakookoa ghala.

Namna ya kuongea na mwenye nyumba

Kwanza, nenda mapema. Anayefika mjini na mizigo tayari iko kwenye gari hana cha kupatana. Tuma ndugu au nenda mwenyewe wiki mbili tatu kabla, ufikie kwa jamaa, uzunguke kwa miguu. Vyumba vingine havijafika kwa dalali. Muulize mjumbe wa mtaa, mwenye duka na mama anayeuza mboga. Hapo unaweza kuokoa ile pesa ya dalali.

Pili, mpe mwenye nyumba sababu ya kukuamini. Barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa kijiji chako, kitambulisho cha taifa, na mdhamini anayefahamika mjini vina uzito kuliko maneno matamu. Kisha sema wazi: "Baba, nitalipa mitatu leo, na mitatu mingine tarehe fulani nikishauza mazao." Tarehe inayoeleweka inamtuliza mtu.

Tatu, akikataa mitatu, omba kitu kingine badala yake. Mwambie kwamba ukilipa sita, apunguze kodi ya kila mwezi kidogo, au apake rangi, au aweke kitasa yeye. Pesa ya mkupuo ina thamani kwake, kwa hiyo usiitoe bure.

Nne, andikeni. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inatambua hata mkataba wa mdomo kwa upangaji usiozidi mwaka mmoja, lakini wa mdomo ni mgumu kuuthibitisha mkigombana. Karatasi moja inatosha: majina, kodi, miezi iliyolipwa, tarehe ya kuanza na kuisha, taarifa ya kuhama ni ya muda gani, nani anatengeneza bomba likipasuka, na saini ya shahidi. Mkiligeuza jambo kuwa kesi, mahali pake ni Baraza la Kata kwa usuluhishi, na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwa maamuzi. Huko karatasi ndiyo inayozungumza.

Deni lililojificha kwenye LUKU

Kabla hujatoa pesa, angalia mita ya umeme. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu Julai 2023 ni 1,500. Kwa mwaka ni 18,000. Kodi hii ni ya mwenye nyumba kwa mujibu wa sheria, ila anayenunua umeme ndiye anayekatwa. Mkubaliane tangu mwanzo kwamba kiasi hicho kitapunguzwa kwenye kodi yako ya pango, na kiandikwe kwenye ile karatasi.

Jambo ambalo wengi hawalijui: mita isiponunuliwa umeme kwa miezi kadhaa, makato hujilimbikiza. Nyumba ikikaa tupu miezi minne, anayehamia akinunua umeme wa 10,000 atakuta 6,000 zimekwenda kwenye kodi ya majengo ambayo hakuhusika nayo. Dawa yake ni rahisi: mwombe mwenye nyumba anunue LUKU mbele yako kabla hujalipa. Ujumbe wa manunuzi unaonyesha kila makato.

Uliza pia mita ipo kwenye tarifu gani. Tarifu ya wateja wadogo, D1, ni shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, kwa wanaotumia hadi uniti 75 kwa mwezi. Tarifu ya T1 ni shilingi 292. Ukiongeza kodi na tozo, umeme wa 5,000 unakupa uniti kama 41 kwenye D1, na 14 tu kwenye T1. Nyumba ya vyumba sita yenye mita moja huvuka kwa urahisi kiwango cha D1, hata kama wewe una balbu moja na simu ya kuchaji. Chumba cha 50,000 chenye mita yake kinaweza kuwa nafuu kuliko cha 45,000 cha kuchangia.

Na maji je? Dodoma ni nchi kavu, na mgao wa maji si jambo geni. Uliza maji yanatoka siku gani, kuna tangi au hakuna, na dumu la lita 20 mtaani ni bei gani. Usimuulize dalali, muulize mpangaji wa chumba cha jirani.

Mizigo: beba chakula, acha makabati

Sasa turudi kwenye gari. Gari la bei nafuu ni lile ambalo tayari lina safari. Malori yanayoleta bidhaa minadani na kwenye magulio ya vijijini hurudi mjini yakiwa na nafasi. Ongea na dereva siku ya mnada, ulipie nafasi na si gari zima. Ndani ya mji, kwa kitanda, godoro na vyombo, guta au toyo inatosha. Kumbuka pia kuwa EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na bei ikishuka hiyo ni hoja yako unapopatana nauli.

Usibebe kila kitu. Kabati zito linalokulazimisha kukodi gari kubwa, liuze kijijini au umwachie ndugu. Chakula ndicho cha kubeba. Tangu mwaka 2017 mazao yasiyofika tani moja yanayosafirishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine hayatozwi ushuru wa mazao. Gunia mbili za mahindi na debe la karanga ni miezi kadhaa ya kutonunua unga kwa bei ya dukani. Asikutishe mtu kizuizini.

Simu inasaidia, na simu inaibia

Kuna picha za vyumba vizuri kwenye Facebook na makundi ya WhatsApp, bei ya chini, na maelekezo: tuma nusu ya kodi nikushikie. Usitume. Mwenye chumba cha kweli atakubali ukione kwanza. Ukifika, hakikisha unayempa pesa ndiye mwenye nyumba au ana idhini yake. Wajumbe na majirani wanamjua.

Tena mjihadhari na ule ujumbe unaofahamika nchi nzima, wa kukutaka utume ile hela ya kodi kwenye namba nyingine. Unawapata watu siku ileile wanayotarajia kumlipa mtu. Mpigie mwenye nyumba kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo, umsikie sauti. Namba ya tapeli unaweza kuiripoti bure kwa ujumbe kwenda 15040. Ukilipa kwa simu, tunza ujumbe wa muamala. Ukilipa taslimu, dai risiti hata ya daftari.

Kabla hujatoa pesa, jibu haya

Nimezungumza na mwenye nyumba mwenyewe kuhusu idadi ya miezi? Nimeona ujumbe wa LUKU? Najua siku za maji? Tumeandikiana na shahidi amesaini? Nimebakiza pesa ya kula mwezi mmoja baada ya kulipa kila kitu?

Hilo la mwisho ndilo zito. Kijana anayehama akiwa amelipa miezi sita na hana hata ya nauli ya kwenda kutafuta kazi, amenunua paa lakini amejifungia ndani. Wiki mbili baadaye simu itapigwa kijijini, na gunia la kumi litauzwa kwa bei yoyote itakayokuwepo siku hiyo.