Kioo Kikubwa na Chumba Chembamba

Barazani siku hizi, baada ya swala ya alasiri, mazungumzo yetu ya mvua, bei ya samaki na siasa yameingiliwa na neno jipya: inchi. Fulani ana televisheni ya inchi 55, mwenziwe ameleta ya 65, na kijana wa nyumba ya tatu hataki kusikia lolote chini ya 75. Wengine hufanya mzaha, lakini wako waulizao kwa dhati: je, chombo kile chafaa kununuliwa kwa bei ile?

Swali hili si la kuchekwa. Pesa ni jasho, na katika nyumba nyingi za mwambao jasho lenyewe ni la mtoto aliye Uarabuni, anayeendesha gari la watu au kulinda mlango wa watu, akatuma nyumbani alichojinyima. Kabla fedha hiyo haijageuka kioo ukutani, yafaa tukae tuizungumze. Nami nitasema mapema nielekeako: chombo hiki si haramu wala si upuuzi, lakini wengi wetu twakipima kwa kipimo kisicho chake. Twapima kwa jirani, ilhali tungepima kwa chumba, kwa mfuko na kwa watu watakaokitizama.

Tuanze na chumba. Inchi zinazotajwa dukani hazipimi upana wala kimo. Hupimwa hanamu, kutoka pembe ya chini hadi pembe ya juu ya upande wa pili. Kioo cha inchi 75 kina upana wa sentimita 166 na kimo cha sentimita 93 hivi. Mtu akitoka kwenye 55 kwenda 75 hudhani ameongeza theluthi na kidogo, kumbe eneo la picha limekuwa karibu mara mbili. Picha hiyo nayo yataka nafasi ya kutizamwa. Kanuni inayotumika sana ni kukaa mbali na kioo kiasi cha mara moja na nusu ya hanamu yake. Kwa inchi 75 hiyo ni karibu mita tatu, kutoka jichoni hadi kiooni.

Sasa tuingie katika nyumba za wazee wetu, Lamu au Mji wa Kale wa Mombasa. Vyumba vyake ni virefu lakini vyembamba, na sababu twaijua sote: dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti haiendi mbali bila kupinda. Kwa hiyo upana wa chumba hauzidi sana mita mbili na nusu au tatu. Ukiegemeza kiti ukuta huu na kutundika kioo ukuta ule, jicho lako litakuwa mita mbili kutoka kiooni, au pungufu. Gawanya mita mbili kwa moja na nusu, utapata sentimita 133, yaani inchi 52. Hicho ndicho kioo chumba kinachokiomba. Ukizidisha, utakuwa kama mtu aliyeketi safu ya kwanza ya sinema, shingo yazunguka kutafuta mpira ulikokwenda.

Ukuta wenyewe una lake la kusema. Ni matumbawe na chokaa, si saruji. Fundi akitoboa bila hadhari, plasta humeguka na msumari hucheza, na chombo cha kilo thelathini au zaidi hakitundikwi juu ya msumari unaocheza. Afadhali kiwekwe juu ya meza imara. Pia tutizame kibla, ambacho huku kwetu ni kaskazini: wengi huitia televisheni ukuta ule ule wanaoelekea wakiswali, kisha wakalalamika kuwa watoto hawana utulivu katika swala. Na usisahau njia ya kukifikisha. Boksi la kioo kikubwa hubebwa wima, halilazwi. Katika vichochoro vyetu na ngazi zetu za kupinda, hamali wawili wanaweza kufika mlangoni salama wakashindwa pale pale kwenye ngazi.

Mwenye nyumba mpya Kisauni au Nyali, mwenye sebule ya mita tano, hayo hayamhusu. Bali yako yanayotuhusu sote, na la kwanza ni picha yenyewe. Muuzaji atakuambia kioo hiki ni cha 4K, na ni kweli: kina nukta 3,840 kwa upana na 2,160 kwa kimo, yaani zaidi ya milioni 8, mara nne ya zile za kioo cha HD cha kawaida. Lakini nukta za kioo si nukta za picha. Tangu 2015, Kenya ilipozima mitambo ya analojia, matangazo tunayopokea kwa antena huja kwa njia ya dijitali, nayo ni safi kuliko ya zamani. Hata hivyo hayafikii kiwango hicho cha 4K. Kioo huchukua picha ndogo na kuinyoosha, na kadiri kilivyo kikubwa ndivyo ukungu wake uonekanavyo. Ili ule uzuri uliouona dukani, huna budi kuwa na intaneti ya kasi na kuilipia kila mwezi. Bei ya dukani, basi, ni kilemba tu. Mahari yaja nyuma.

La pili ni umeme. Kioo kikubwa kinachokula wati 200, kikiwaka saa tano kwa siku, humaliza yuniti moja, nazo ni 30 kwa mwezi. Kidogo cha wati 80 kwa saa hizo hizo humaliza yuniti 12. Mwenye kununua tokeni kwa shilingi mia mia ataliona hilo kabla mwezi haujaisha. Na kila mmoja wetu ajua umeme unavyokatika ukarudi kwa kishindo, na hewa ya chumvi inavyokula chuma chochote kilicho karibu na bahari. Kioo kikipasuka au kikiungua, mara nyingi bei ya kukibadilisha hukaribia bei ya televisheni mpya. Asiye na kifaa cha kuzuia mshtuko wa umeme asithubutu.

Sasa tuje kwenye mfuko. Tuseme televisheni ni shilingi 160,000, na tuseme itaishi miaka mitano. Hizo ni siku 1,825, na kila siku itakugharimu karibu shilingi 88. Nyingine ya 60,000 kwa muda huo huo ni shilingi 33. Hesabu hii haina hila. Mwenye uwezo, aliyelipa ada za watoto, akatoa zaka yake, akamtazama mzazi wake, shilingi 88 kwa siku hazimuumizi, na si kazi yangu kumhesabia mwenzangu riziki yake.

Ninayemhofia ni yule asiyenazo. Kwake yeye maduka yana maneno matamu: lipa polepole, chukua leo. Atoe 20,000 za mwanzo, kisha 17,000 kila mwezi kwa miezi kumi na miwili. Jumla yake ni 224,000, na ile ziada ya 64,000 ingemnunulia televisheni nyingine kamili. Na kuna jambo zito zaidi ya hesabu. Masheikh wengi wamekwisha tueleza: muuzaji akitaja bei moja ya malipo ya baadaye, mkakubaliana, na bei ikabaki ile ile, hiyo ni biashara. Lakini ikiwa ni fedha uliyokopeshwa ili uirudishe na ziada, au deni linalonenepa kila ukichelewa, hapo riba imeingia. Basi soma mkataba, na usipoufahamu mpelekee aufahamuye, kabla ya kutia sahihi. Kijana atakayeketi mbele ya kioo cha riba akitizama tarawehe za Makka, ajiulize mwenyewe kama moyo wake umetulia.

Sisi tuliosoma chuoni twalijua neno israfu kabla hatujajua kuandika majina yetu kwa herufi za Kizungu. Maalimu hakulifunza kwa mfano wa vitu vya fahari. Alilifunza kwa maji ya udhu: usiyamwage bure hata kama bahari iko mbele yako. Maana yake ni kwamba israfu haitokani na ughali wa kitu, bali na kutumika kwake pasipo haja. Kwa kipimo hicho, kioo cha bei ndogo kinachowaka mchana kutwa katika chumba kitupu ni israfu, na cha bei kubwa kinachotumiwa na watu wengi huenda kisiwe.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Televisheni ilianza Kenya mwaka wa 1962, lakini kwa miaka mingi mtaani kwetu zilikuwa za kuhesabika. Kameruni walipofika robo fainali ya Kombe la Dunia Italia, 1990, tuliwatizama kwa kioo cha inchi 21. Majamvi yalitandikwa, wazee mbele, vijana nyuma, watoto madirishani, na mwenye nyumba akipitisha kahawa. Moroko walipofika nusu fainali Qatar, 2022, wakiwa wa kwanza Afrika kufika hapo, mtaa huo huo ulikuwa na vioo kila nyumba. Goli lilipoingia nilisikia vigelegele kutoka nyumba mbalimbali, kila moja na milango yake imefungwa. Kioo cha inchi 75 kina eneo la zaidi ya mara kumi na moja ya kile cha inchi 21, na wanaokaa mbele yake ni wawili au watatu, kila mmoja na simu mkononi.

Sisemi zamani tulikuwa wema kuliko leo. Tulikusanyika kwa kuwa hatukuwa nazo. Lakini tulichopata bila kukitafuta, leo yatubidi tukitafute kwa makusudi.

Wala sitaki mtu adhani nawaonea wenye vioo vikubwa. Shangazi yangu macho yamemfifia. Simu haioni kabisa, na kioo kidogo kilimwonyesha vivuli tu. Wanawe walichanga, watu wanne, wakamnunulia kikubwa kwa pesa taslimu. Sasa usiku wa Ramadhani aiona Kaaba na watu wanaotufu, na wanawake wa mtaa huja kuketi naye baada ya futari. Kile kioo kina bei kubwa, na sijaona kilichonunuliwa kwa haki zaidi yake. Kinamfaa asiyeona na kinamletea wenziwe, na hakuna anayekidai.

Basi jawabu langu kwa waulizao ni hili. Kama chumba chako ni chembamba, inchi 50 au 55 zakutosha, na kilichobaki kina pa kwenda. Kama chumba ni kipana na fedha i mkononi, nunua, na uwaite watu. Kama fedha haiko, ngoja. Bei za vyombo hivi zimekuwa zikishuka mwaka baada ya mwaka, na mwenye subira hupata kile kile kwa pungufu. Na kama ni fedha ya mtoto aliye ng'ambo, muulize kwanza yeye mwenyewe angependa ifanye nini. Huenda alikuwa akiwaza paa la nyumba.

Kwa desturi yetu, nawaachia ubeti:

Kabla hujenda dukani, chumba chako ukipime,
Nao walio nyumbani, uwaulize waseme,
Riba usitie ndani, deni lisikuandame,
Na wakija majirani, wape jamvi watizame.