Uasi au Vita?

Mwanafunzi wa Mkwajuni, katika Wilaya ya Songwe, akisoma kwamba mwaka 1905 watu wa kusini "waliasi" na Wadachi "wakatuliza nchi", amekwisha kupewa hukumu kabla ya kupewa habari. Jina la vita hivyo husemwa vema, Vita vya Maji Maji. Lakini ndani ya maandishi mengi msamiati wa mshindi ungali unatawala.

Kuasi ni kukataa utii unaopasa. Mtoto humwasi mzazi, na mja humwasi Mola wake. Je, watu wa Mrima mwaka 1888 walipaswa utii gani kwa kampuni ya Kijerumani, iliyopewa pwani yao kwa mkataba na Sultani wa Unguja, wao wasiulizwe? Wajerumani waliuita ule "uasi wa Waarabu", ilhali Bwana Heri wa Saadani na Wazigua walikuwamo vitani. Utenzi wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mtu wa zama hizo, umechapishwa kwa jina la Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima. Jina hilo lamtaja aliyekuja kutwaa.

Maradhi haya yako kwingine pia. Katika Kivietnam cha kale, vita vya mfalme juu ya wapinzani viliitwa "bình định", yaani kusawazisha na kutuliza. Mwaka 1799 Nguyễn Ánh alipoiteka ngome ya Quy Nhơn mikononi mwa Tây Sơn, aliipa jina hilo hilo, Bình Định. Katika karne ya 20 neno hilo likatumiwa tena kwa mipango ya Saigon na Wamarekani ya kuwatiisha wanavijiji. Hata hivyo, wanahistoria wa Vietnam ya leo huwaita Tây Sơn watu walioinuka kwa ajili ya haki. Basi msamiati wa mshindi waweza kuvuliwa.

Wako wasemao kwamba mwaka 1905 serikali ya Kijerumani ilikwisha kusimama, kwa hiyo aliyeipiga aliiasi. Hoja hiyo huifanya bunduki kuwa hati ya haki. Na "kutuliza" je? Hutulizwa mtoto aliaye, hutulizwa maumivu. Majeshi ya Wadachi yalichoma vijiji, maghala na mashamba. Njaa ikaua watu wengi kuliko risasi, na makisio ya wanahistoria hufika watu 300,000. Mwaka 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alikwenda Songea kuomba msamaha. Mtu haombi msamaha kwa kuwa alituliza.

Hapana budi, basi, waandishi wa vitabu vya shule waandike vita palipopiganwa vita, na kuteketeza palipoteketezwa. Neno la Wadachi likihitajiwa, na liwekwe kinywani mwa Wadachi. Vinginevyo mtoto wa Mkwajuni ataendelea kuwashitaki babu zake kwa lugha yake mwenyewe.